Mstari wa Nne

Fundi alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, kisha akaushona tena palepale. Mtu aliyekaa na cherehani miaka ishirini na saba hafanyi kosa kama hilo mara mbili kwa asubuhi moja akiwa na akili zake. Lakini akili za Fundi, tangu wiki sita zilizopita, hazikuwa kwenye cherehani. Zilikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia na marobota ya vitambaa, alikofichwa binti yake.

Binti alikuja mchana kweupe, saa ambayo watu wote wamekimbia jua, amejitanda shuka mpaka machoni na mkono mmoja unaning'inia kama si wake. Hakulia. Alisema tu, "Mama, safari hii kasema ataniua, na safari hii namwamini." Walimpeleka zahanati ya mbali kwa jina la kubuni, mkono ukafungwa, wakarudi naye kwa njia za uani, na tangu siku hiyo jua alikuwa akiliona kwa upenyo wa dirisha. Watu wa uchochoro walijua kwamba ametoroka kwa mumewe na hajulikani aliko, kwa sababu mumewe mwenyewe ndiye aliyelitangaza hilo kila kona.

Mume huyo wakimwita Mwenye Malori, maana alikuwa nayo kumi na moja, na kila lori lina dereva na utingo, na kila utingo ana macho. Hapakuwa na kituo cha mabasi ambapo mtu wake hakunywa chai. Na kama unauliza polisi walikuwa wapi, basi jua kwamba mwaka jana Fundi na binti yake walikwenda kituoni. Walikuwa bado wamekaa kwenye benchi pale ofisa alipompigia simu Mwenye Malori na kumwambia aje amchukue mkewe. Habari ya polisi iliishia hapo.

Wiki ya pili Mwenye Malori alikuja mwenyewe dukani kwa Fundi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji, akanywa, akashukuru. Akasema kwa upole kabisa kwamba mama akimwona mkewe amwambie arudi tu, yeye hana kinyongo. Kati yake na binti palikuwa na pazia moja na hatua saba. Alipoondoka, Fundi aligundua kwamba muda wote ule alikuwa ameshika mkasi chini ya kitambaa, na ulikuwa umemchana kiganja bila yeye kusikia maumivu.

Sasa, ili jambo lenyewe lieleweke, lazima kwanza zielezwe habari za kuta. Wanawake wa uchochoro ule wana kazi yao ambayo hakuna anayejua nani aliianza. Kila mvua zikiisha, hukandika upya ukuta wa mbele wa nyumba kwa udongo mwekundu, na kabla haujakauka, mama wa nyumba huchovya kidole majini na kuvuta mistari kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja kwa kila anayelala chini ya paa lile. Wa mwanamume umenyooka, wa mwanamke una mawimbi. Kila anapovuta husema, "Yupo." Yupo, yupo, yupo, mpaka watu wa nyumba waishe. Mstari ukishavutwa haufutwi, hata ukienda upogo. Hufutwa siku moja tu, siku ya maziko, ambapo mama huloweka kiganja na kuupitishia mpaka upotee. Kwa hiyo kule hakuna anayegusa ukuta kwa mzaha. Kufuta ni kuzika, na kumwacha mtu aliye hai bila kumvutia mstari ni kumzika bila kumwambia. Aliyekulia pale hupita mbele ya nyumba na kujua wangapi wanalala ndani, bila kujua kwamba amehesabu.

Mwaka huu Fundi hakukandika. Alisingizia bega. Ukutani kwake ilibaki mistari mitatu ya mwaka jana: wake, wa mumewe mshona viatu, na wa mama mkwe wake, bibi kizee ambaye masikio yalikuwa yameshastaafu. Fundi alitaka dunia nzima iione mitatu.

Hapo ndipo alipoingia Mifuko.

Mifuko alikuwa msanii, mtoto wa uchochoro uleule, aliyekwenda kusomea chuo cha sanaa akarudi amevaa ovaroli yenye mifuko tisa, na katika mifuko yote tisa hakuna siku aliyopata kalamu akiitaka. Wanawake walimcheka, lakini walimpenda, kwa sababu hakuja kupiga picha na kuondoka. Alikaa nao mwaka mzima akijifunza kuponda udongo, na kucha zake zikawa kama zao. Mwishowe akaleta wazo. Ukuta wa soko ulikuwa mrefu na mtupu, umejaa matangazo ya waganga na kamari. Aliomba kila nyumba ichukue kipande chake cha ukuta ule na kuvuta mistari yake pale, mirefu kama watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake, udongo uchanganywe na saruji na gundi ili mvua zisiuchukue. Mwenye Malori alijitolea kuleta udongo na saruji bure. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mkarimu penye watu.

Walibishana alasiri tatu. Aliyembana msanii kuliko wote alikuwa Bi Kidole, mzee mwembamba, mchache wa maneno, aliyeitwa hivyo kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na kidole kilichovuta mstari kama chake. Aliuliza mtu akifa watafutaje saruji kwa kiganja. Mifuko akaenda kulala na swali hilo. Kesho yake alirudi kueleza kwamba mchanganyiko utakaa mbichi kwa saa moja. Ukishakauka haufutiki tena, na mtu akifa itabidi kipande chote cha nyumba yake kibomolewe na kukandikwa upya, kazi ambayo mwanamke mmoja haiwezi.

"Kwa hiyo kila msiba utakuwa kazi ya mtaa mzima," alisema Bi Kidole. "Sawa. Ndivyo unavyotakiwa kuwa." Ubishi ukaisha.

Fundi alikuwa amekaa pembeni. Alimwogopa Bi Kidole kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu Bi Kidole ndiye aliyemzaa Mwenye Malori. Alikuwa mkwe wake, mama mwenzake wa harusi ile iliyopigiwa vigelegele, na aliishi na mwanawe katika nyumba kubwa yenye geti mwisho wa mtaa. Tangu binti atoroke walikuwa wamesalimiana mara tatu tu. Fundi alizihesabu.

Kisha Mifuko akapita nyumba kwa nyumba kuandika idadi, kwa sababu alitaka kuchapisha kipeperushi cha kuwafundisha wageni namna ya kuusoma ukuta. Fundi alimwambia watatu. Wakati uleule bibi kizee, ambaye kwa kutosikia hudhani na wengine hawasikii, alipiga kelele kutoka uani, "Mtoto amekula?"

"Anamsema paka," Fundi alisema upesi.

Mifuko akauliza tangu lini wana paka. Tangu juzi, Fundi alijibu, na jioni ile mshona viatu mzima na ndevu zake alitumwa kutafuta paka mtaani, akarudi na mmoja mwenye sikio moja na hasira za kutosha paka wanne. Binti alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaziba mdomo kwa mkono wake mzima. Fundi alitaka kucheka naye, ila alikwenda kwanza kuhakikisha komeo la mlango.

Kukataa kwenda ukutani kungezua maneno, na penye wengi pana mengi. Basi akajizoeza. Alinyunyiza unga juu ya meza ya kukatia vitambaa, akavuta: yupo, yupo, yupo, nyanyua mkono. Akaufuta unga, akarudia. Binti alitoka nyuma ya pazia, akasimama kuangalia. Alikuwa ameshasema mapema kwamba aachwe tu bila mstari, yeye haamini mambo ya mistari. Lakini aliitazama ile mitatu muda mrefu, mpaka Fundi akaona haya kuinua macho, halafu akarudi chumbani.

Siku ya kazi walikuwa wanawake arobaini na ndoo arobaini. Udongo uliotoka kukandikwa uling'aa kwa unyevu ukuta mzima. Kwa urefu ule ilibidi kupanda ngazi mpaka juu, kuweka kidole, kisha kushuka taratibu huku unavuta, na ukifika chini mwenzio anaisogeza ngazi hatua moja, unapanda tena. Mifuko ndiye aliyemshikia Fundi ngazi. Fundi akapanda, akamvuta mumewe. Yupo. Akamvuta bibi kizee. Yupo. Akajivuta mwenyewe, mawimbi yakamtoka mazuri kuliko alivyotarajia. Yupo. Akafika chini, na kazi ilikuwa imekwisha. Alichotakiwa kufanya ni kujifuta mkono na kusema bega linamuuma.

Lakini ukuta mzima ulikuwa ukisema yupo. Kulia yupo, kushoto yupo, sauti arobaini zikipishana, na Mifuko alikuwa ameshaisogeza ngazi bila kufikiri. Miguu ya Fundi ikapanda. Alijiona akipanda, kama mtu anavyojiona katika ndoto akifanya jambo alilokatazwa. Kidole kikagusa udongo wa baridi pale juu, akamwona binti yake alivyoitazama ile mistari ya unga, akashuka naye, wimbi kwa wimbi, mpaka chini. Na mdomo wake mwenyewe ukasema kwa sauti, "Yupo."

Aliposimama chini ndipo alipoelewa alichofanya. Mifuko hakuona kitu, alikuwa ameitwa na mwingine mwenye ngazi mbovu, akaenda mbio mifuko yote ikimpiga mapajani. Mistari minne ilisimama pale, mirefu kama minara, hadharani, mbele ya soko zima.

Alikuwa na chini ya saa moja kabla udongo haujakauka. Aliloweka kiganja kwenye ndoo, akakiinua kuelekea mstari wa nne. Akasikia ukimya ukianza karibu yake na kuenea. Mama mmoja wa kipande cha tatu alitua ndoo yake, mwingine akaweka mikono kichwani, maana kiganja kilicholowa mbele ya mstari kina maana moja tu. Wangeuliza nani amekufa, na Fundi angesema nini? Wangekuja kulia kwake usiku huohuo. Mwenye Malori angedai kaburi. Na hata kama wasingeuliza, kiganja chenyewe kilikataa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna mzazi anayeweza kumpitishia mwanawe mkono wa maziko huku anajua kwamba nyumbani amekaa anamenya viazi kwa mkono mmoja.

Alikirudisha kile kiganja usoni mwake, akanawa. "Jua leo kali," alisema. Wanawake wakashusha pumzi, wakamsonya, wakarudi kwenye ngazi zao.

Mmoja tu hakurudi. Kipande kilichofuata kilikuwa cha nyumba yenye geti, na Bi Kidole alikuwa amesimama mbele yake, bado hajaanza, amemgeukia Fundi. Macho yake yalipita juu ya mistari: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Yalikaa kwenye wa nne. Kisha yakashuka yakakutana na ya Fundi, na hayakusema lolote, wala heri wala shari. Bi Kidole akageuka, akashika ngazi yake. Fundi akachukua ndoo na kuondoka, karibu kukimbia, hakuangalia nyuma.

Siku tatu zilizofuata hazikuwa za kuishi. Mwenye Malori alikuwa safarini na msafara wake, angerudi siku ya uzinduzi wa ukuta, na hilo ndilo lililowapa pumzi. Mume wa Fundi alishauri binti ahamishwe. Kwenda wapi? Kila barabara ilikuwa na lori. Kujificha kwa nani? Kila ndugu alikuwa ameshatembelewa na utingo aliyeomba maji na kushukuru. Fundi alisikia kila gari lililopunguza mwendo. Alisikia hatua za Bi Kidole mlangoni mara ishirini, na mara zote ishirini hazikuwa zake. Mumewe, ili kumtuliza, alisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na Fundi akamjibu kwamba kama ni hivyo hajawahi kuona mwoga anayecheka kidogo kama yeye.

Binti alipoambiwa hakulaumu. Aliuliza tu kama mstari umeshakauka. Fundi akasema umekauka. Tangu hapo binti akawa analala na viatu miguuni.

Uzinduzi ulikuwa alasiri. Fundi alikwenda, kwa sababu kutokuwepo kwake kungesema zaidi ya kuwepo. Alisimama mbele ya kipande chake akiwa na wazo la kijinga la kuufunika mstari wenye urefu wa watu wawili kwa mwili wa mwanamke mmoja mfupi. Mkuu wa mji alikata utepe. Kulikuwa na vipaza sauti, viti vya plastiki, na wageni wenye kamera shingoni, kila mmoja ameshika kipeperushi. Mwenye Malori alikuwa mstari wa mbele, shati jeupe, jina lake limechapwa chini ya kipeperushi kwa herufi nene.

Mifuko alieleza. Alieleza vizuri, tena kwa heshima, na kila neno lake lilimchoma Fundi. Aliwaambia wageni kwamba huu si urembo, ni hesabu ya walio hai, kwamba wanawake hawa wamekuwa wakiwahesabu watu wao hivi tangu zamani, na kwamba ukijua kusoma unaweza kumsalimu kila mmoja. Akawapitisha kipande kwa kipande, kipaza sauti mkononi, akilinganisha ukuta na karatasi. Nyumba ya muuza mkaa, saba. Nyumba ya mkunga, wawili. Akafika.

"Nyumba ya Fundi wetu wa nguo, watatu," alisoma, akainua macho, akahesabu kwa kidole, akacheka. "Fundi, mbona wameongezeka? Wa nne ni nani, yule paka?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenye Malori hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake, akauendea ukuta taratibu kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. Alikuwa mtoto wa uchochoro, hakuhitaji karatasi. Alisimama karibu sana na Fundi, mpaka Fundi akasikia harufu ya sabuni yake, akaweka kidole kwenye wimbi la mstari wa nne.

"Mwanamke," alisema. Hakupaza sauti. "Mama, kwako anayelala ni nani?"

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa uongo mwingi kwa siku tatu, wa mgeni, wa mwanafunzi wa ushonaji, wa bega na kizunguzungu, na wote ulikuwa umemkimbia. Alifikiria hatua ngapi mpaka nyumbani, na kama mumewe angewahi, na kama viatu vya binti vilikuwa vimefungwa kamba.

"Wa nne ni mimi," alisema Bi Kidole.

Alikuwa ametokea nyuma yao, kimya kama kawaida yake. Mwenye Malori aligeuka, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemvumilia mzee mbele za watu. Akamwambia mama acha utani.

"Nimehamia kwa mkwe wangu. Karatasi ilichapwa kabla sijahama." Kisha akanyoosha mkono kuelekea kipande kilichofuata, cha nyumba yenye geti. "Kama huamini, jisome mwenyewe."

Fundi aliangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mtaa mzima ulijua mwana alikuwa amemwagiza mama yake avute mistari mitatu, wa kwake, wa mama na wa mke, kwa sababu mke wake, alisema, atake asitake yupo. Ukutani palikuwa na mstari mmoja. Umenyooka kabisa, umevutwa na kidole ambacho hakikosei, na pande zote mbili udongo mtupu. Kumbe Bi Kidole alikuwa ameyaamua palepale, dakika ileile, juu ya ngazi, na alikuwa amekaa nayo siku tatu.

Uso wa Mwenye Malori ulibadilika, kisha akaurudisha, kwa sababu kamera zilikuwa nyingi. Mifuko alikuwa amekishusha kipaza sauti, amepauka, ameanza kuelewa alichokisoma. Hakuna aliyecheka tena. Wanawake arobaini walikuwa wamesogea, wamesimama karibu zaidi ya walivyosimama mwanzo.

"Sawa, mama," alisema mwana mwishowe. Akamtazama mama yake, akamtazama Fundi, akaukunja kile kipeperushi mara nne na kukitia mfukoni. "Nitakuja kukusalimia huko."

Akarudi kwenye kiti chake, akakunja nne, akapiga makofi pale yalipohitajika.

Walitembea kwenda nyumbani pamoja, Fundi na mkwe wake, jua likiwa bado juu. Bi Kidole alikuwa na furushi dogo alilokuwa amelificha kwa muuza mkaa, na mkeka chini ya kwapa. Fundi hakujua ashukuru au akimbie. Hofu haikuwa imemtoka, ilikuwa imebadilisha upande tu, sasa inatembea naye bega kwa bega. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Nani kasema huyu hakutumwa? Nani kasema mama na mwana hawakupanga, mmoja aigize hasira, mwingine aingie ndani ahesabu vitanda? Walipofika mlangoni alisimama kizingitini, akauziba mlango kwa mikono yote miwili.

"Mkwe," alisema, "niambie kwa nini."

Bi Kidole alitua furushi chini. Kwa mtu mchache wa maneno, maneno haya yalimchukua muda.

"Chumba chao na changu vimegawanywa kwa ukuta wa matofali membamba. Nilikuwa nasikia. Kila mara nilisikia, tangu kofi la kwanza. Nikawa naongeza sauti ya redio." Aliushika vizuri mkeka wake. "Siku ile ya mkono, nilisikia mfupa. Redio ilikuwa juu kabisa na bado niliusikia."

Fundi alitamani kumpiga. Alitamani pia kumwekea kiti, maana mzee alikuwa ametembea juani kutoka sokoni. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwambia asubiri palepale, akaingia ndani, akapita cherehani na meza, akafunua pazia.

Binti alikuwa amesimama katikati ya chumba, viatu miguuni, pasi ya mkaa ameiinua kwa mkono mzima. Alikuwa ameitambua sauti ile. Paka amejibana chini ya kitanda. Fundi alimweleza kwa kunong'ona, kwa mkato, yote: ukuta, kidole juu ya wimbi, mstari mmoja wa nyumba yenye geti, salamu ambazo Mwenye Malori aliahidi kuja kutoa, redio. Akamwambia kwamba wakimfukuza mzee huyu sasa hivi, kabla ya magharibi mwanawe atajua wa nne si yeye. Na wakimwingiza, watakuwa wamemwingiza mama wa Mwenye Malori. Chumba kilikuwa kimoja. Uamuzi, alisema, haukuwa wake yeye Fundi.

Binti aliishusha pasi mezani. Aliusugua ule mkono uliofungwa, akatazama pazia, kama anaona kupitia kitambaa mpaka kizingitini, alikosimama mwanamke aliyemsikia miaka minne na kuongeza redio.

"Aingie," alisema. "Lakini atalala upande wa mlango."

Alilisema kwa sauti ya kutosha, na Bi Kidole akalisikia. Akaja na mkeka wake, akapita mbele ya mkaza mwanawe bila kuthubutu kumwangalia, akautandika pale penye mlango, akakaa.